Fizio wa kwenye simu sawa, ila visiwani mtuulize kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnakata barua ndefu ila hii naomba muivumilie kidogo. Siku hizi kila mahali ni tiba mtandao, tiba mtandao, kila kikao cha afya lazima mtu aitaje, na mimi siipingi hata kidogo, sisi wa visiwani ndio tungekuwa wa kwanza kuipigia makofi. Lakini inayozungumzwa zaidi ni ile ya hospitali kwa hospitali, picha ya eksirei inapigwa huku inasomwa kule, daktari bingwa anaongea na daktari mwenzake. Nani anazungumzia mazoezi tiba? Yaani kile kinachofuata mgonjwa akishatoka wodini, mguu mzito, mkono umelala, mdomo umepinda upande mmoja, anarudishwa nyumbani na familia inaambiwa mfanyisheni mazoezi. Wizara inaita huduma za utengamao, mtaani tunasema tu "fizio", na mtaalamu wake naye tunamwita fizio.

Hoja yangu ni moja. Fizio wa kwenye video anawezekana kabisa Ukerewe, Ukara, Kome na hivo visiwa vingine vya Ziwa Victoria, ila akiletwa kama mpango uliopikwa ukaiva mjini, vishikwambi viko kwenye maboksi na ratiba imeshachapishwa, hela itazama na maji haya haya. Kuanzia siku ya kwanza watu wa kisiwani wawe ndani ya upangaji, na hela ya kwanza iende kwa mtu atakayesimama pembeni ya mgonjwa, kifaa kinunuliwe baadae.

Kwa ambaye hajawahi kufika Ukara ngoja nimpeleke. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja akiandikiwa arudi Mwanza kwa mazoezi mara mbili kwa wiki, maana yake abebwe kwa bodaboda hadi Bwisya, avuke hadi Bugolora, apande gari hadi Nansio, asubiri meli ambayo ni masaa matatu na kitu ziwani, ashuke Mwanza mjini, alafu bajaji imkwamue kupanda kile kilima cha Bugando iliko hospitali ya rufaa. Huyo ni mtu ambaye hata kukaa mwenyewe hawezi. Na lazima awe na msindikizaji, kwahiyo nauli mara mbili, chakula mara mbili, na pa kulala maana hamna kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukipiga hesabu hiyo kwa mwezi mmoja ng'ombe ameuzwa. Na yale maji nayo sio ya kuzungumzia kirahisi, tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na Ukara, walikufa watu zaidi ya 200, sa utamlaumu nani akisema sipandi chombo kwa ajili ya mguu mzito? Wenzetu wa Sengerema walau daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Wilaya yetu ya Ukerewe ina visiwa 38, daraja la kila kisiwa halitajengwa hata wajukuu zetu wakizeeka.

Kwahiyo kinachotokea ni kwamba watu hawarudi kliniki. Mama yangu mkubwa alipopata kiharusi aliruhusiwa kutoka hospitali moja, sitaitaja, na karatasi ya fotokopi yenye vikatuni vya mtu ananyoosha mguu, akapangiwa tarehe ya kurudi. Ile karatasi ilikaa ukutani imebandikwa kwa gundi. Hakuna aliyejua kama anachofanya ndicho kilichochorwa, na hakuna wa kumuuliza.

Watu wanadhani mazoezi tiba ni kumkandakanda mtu maji ya moto na kumsugua mafuta. Sio hivo. Ubongo ukishapigwa na kiharusi unajipanga upya, na miezi ile ya mwanzo, mitatu hasa, ndio unajipanga kwa kasi, na kinachoufundisha ni kurudia rudia kitendo chenyewe mara nyingi sana, kuinuka kwenye kiti na kukaa, kuinuka na kukaa, kushika kikombe, kufunga kifungo, kuchambua mchele kwa mkono ule ule uliolala. Mara kumi haitoshi, inatakiwa mamia. Sasa mtu akienda kliniki mara moja kwa mwezi akafanyishwa dakika ishirini unategemea nini? Alafu kuna makosa ya nyumbani ambayo yanaumiza kuliko ugonjwa wenyewe. La kwanza kabisa ni kumnyanyua mgonjwa kwa kumvuta ule mkono uliolegea. Misuli ya bega imelala, haishiki kitu, ukivuta mfupa unashuka kwenye bega, na baada ya hapo ni maumivu usiku kucha na mazoezi yote ya mkono yanakufa hapo hapo. Wanaomvuta wanampenda, wanataka akae aote jua. Fizio akiona kitendo hicho kwa video hata sekunde kumi tu angesema hapana, pitisha mkono nyuma ya mgongo, shika mkanda wa kiunoni, goti lako lizuie goti lake. Hiyo peke yake ingeokoa mabega mangapi.

Na haya mambo ya kufanya mazoezi kwa njia ya simu na video yameshapimwa, sio ndoto. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 22 zenye wagonjwa 1,937 wa kiharusi, wakaangalia wanaofanyishwa kwa mbali na wanaopata huduma ya kawaida, kwenye kazi za kila siku kama kuvaa na kuoga hawakuona tofauti ya maana. Hiyo kwetu ni habari njema sana, maana sisi hatulinganishi video na kliniki, tunalinganisha video na karatasi ya ukutani.

Ila kuna utafiti mwingine ambao wapenda miradi ya bei rahisi huwa hawautaji. India, hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi, ndugu wa mgonjwa walifundishwa namna ya kumfanyisha mazoezi kisha wakarudi naye nyumbani wakaendelea wenyewe. Matokeo yalitoka 2017 kwenye jarida la Lancet, baada ya miezi sita hali za hao wagonjwa hazikuwa bora kuliko za wengine waliopata huduma ya kawaida. Mi ninavyousoma ni kwamba huwezi kumtwisha shangazi kazi ya fizio ukaondoka. Huyo shangazi anapika, anachota maji, ana watoto, anaanika dagaa, na bado unamwambia fanyisha mazoezi mara mia mbili kwa siku. Upendo anao, muda ndio hana. Kwahiyo mtu akija na mpango wa kwamba familia itafundishwa kwa video basi imeisha, tumkatalie.

Mtu wa pembeni ndiye anayekosekana, na huyo mtu tunaye kwenye makaratasi tayari. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao ndio mikono ya fizio. Anaishi kijijini, anajua njia ya kwa mgonjwa na mbwa wa pale wanamjua, anaweza kwenda mara tatu kwa wiki, anashika simu vizuri fizio aone kiuno na sio dari ya nyumba (aliyewahi kupigiwa video na ndugu zake anajua naongea nini), na mgonjwa akiyumba yuko hapo wa kumdaka. Afundishwe mazoezi ya msingi, afundishwe dalili za hatari, na alipwe. Narudia alipwe, tusiletewe tena habari za kujitolea na fulana.

Na msidhani Mwanza hatujawahi kufanya kitu cha namna hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1990 hapa hapa mkoani ulifanyika utafiti ambao dunia nzima waliusoma, walichukua vituo vya afya na zahanati za vijijini za kawaida kabisa, wahudumu wale wale waliokuwepo, wakawafundisha kutibu magonjwa ya zinaa vizuri, wakahakikisha dawa hazikatiki na msimamizi anapita, basi. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yakapungua kwa karibu asilimia 40 kwenye hizo jamii ukilinganisha na zingine, na matokeo yakachapishwa 1995. Hakuna hospitali mpya iliyojengwa. Hata m-mama, ile namba 115 ya bure ya kumuwahisha mjamzito hospitali, majaribio yake yalianzia huku kwetu Kanda ya Ziwa, Sengerema ikiwemo, na nguvu yake ilikuwa madereva wa kijijini wenye magari yao wanaolipwa kwa simu. Mtu aliyekaa ofisini angenunua magari ya wagonjwa mawili, moja lingekuwa limekufa gia ndani ya mwaka.

Sasa kwanini nang'ang'ania kuulizwa kwanza. Nimekuwa nafuatilia mambo ya Kanada, kule kaskazini wana shida inayofanana na yetu ingawa wao ni barafu na sisi ni maji, jamii za watu wa asili ziko mbali, barabara shida, fizio yuko mjini. Mkoa wa Saskatchewan chuo kikuu chao kimefanya kazi na jamii ya Wacree wa Pelican Narrows kuhusu maumivu ya mgongo na huduma za mbali, na mtindo uliojaribiwa kule vijijini ni wa timu, muuguzi yuko chumbani na mgonjwa, mikono yake ndiyo inayogusa na kupima, fizio yuko kwenye skrini, wanaamua wote watatu. Wazee wa jamii wanakaa kwenye kupanga, hawaitwi siku ya uzinduzi kuja kula wali.

Na walifika hapo baada ya machungu. Miaka ya 1950 kifua kikuu kiliwapiga sana Inuit, watu wa asili wa kule kaskazini kabisa, serikali ikawa inapeleka meli inaitwa C.D. Howe, inatia nanga, watu wanapimwa humo humo ndani, ukikutwa unaumwa hurudi ufukweni hata kuaga, unapelekwa kusini kwenye hospitali ambako hujui lugha wala chakula. Mpaka 1956 karibu Inuit mmoja kati ya saba alikuwa kwenye hospitali za kusini. Wengine walifia huko na familia hazikuambiwa wamezikwa wapi, waziri mkuu wao akaja kuomba radhi Machi 2019, miaka zaidi ya sitini baadae. Ile meli ilikuwa na mashine nzuri ya eksirei na madaktari wazuri. Hakuna mtu aliyewauliza wenyewe tu.

Sisi hatujafanyiwa hivo, nisieleweke vibaya. Ila mtu wa kisiwani anajua ile hali ya kuja mgeni na boti, anapima, anapiga picha, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka, na majibu hayarudi. Watu wa asili wa Kanada walichoka, mwaka 1998 wakaweka kanuni zao kuhusu taarifa za watu wao, zinamilikiwa na nani, nani anaamua zitumikeje, nani aruhusiwe kuziona, zinatunzwa wapi. Video ya bibi amevaa kanga moja anajifunza kuinuka kitandani ni kitu kikubwa jamani, isije ikakutwa kwenye magrupu ya Whatsapp. Sheria tunayo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini nani atamwelezea bibi sheria hiyo kabla hajawashiwa kamera? Ndio maana nasema watu wakae chini na uongozi wa kijiji na akina mama wenyewe waamue, pengine wataamua video isihifadhiwe kabisa, iwe ya kuongea tu ikiisha imeisha.

Kukaa chini kuna faida nyingine ambayo mtu wa Nyamagana, Mwanza mjini, hawezi kuifikiria hata awe na digrii ngapi. Chukua ratiba. Kliniki ya mtandao itapangwa saa tatu asubuhi, nawahakikishia, maana ofisi ndivyo zinavyofunguliwa. Kwenye mwalo wa dagaa saa tatu asubuhi wanaume ndio wamelala, wametoka ziwani alfajiri, na wanawake ndio wako kwenye dagaa wanaanika kabla jua halijahama. Hakuna wa kumshikilia mgonjwa. Ila usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliwi, taa haivuti kitu mwezi ukiwaka, kwahiyo zile siku za mwezi mkali nyumba zimejaa watu na nguvu zipo, hapo ndio ungepanga vikao virefu, na giza likirudi unapunguza, mhudumu anaendelea mwenyewe. Kalenda ya fizio ifuate mwezi, mtaona wagonjwa wanahudhuria. Hilo hulipati kwenye mwongozo wowote, unalipata kwa kumuuliza mvuvi.

Au vifaa vya mazoezi. Video za mtandaoni zinaonyesha kiti chenye mikono, mpira wa rangi, ngazi ya mbao yenye mshikio. Huku kuna kigoda, kuna ndoo ya lita kumi, kuna mtumbwi uliopinduliwa ufukweni ambao urefu wake unamfaa mtu wa kujifunza kuinuka na kukaa, kuna wavu wa kushona. Mvuvi aliyepooza mkono umpe mpira wa rangi auminye atakuona unamchezea, mpe sindano ya nyavu atakaa nayo mchana kutwa, na vidole vinafanya kazi ile ile. Na lugha, mzee wa Ukara akielekezwa kwa Kikara na mjukuu anayemfahamu ataelewa kuliko Kiswahili cha haraka haraka kinachokatika katika kwenye spika.

Mtandao nao tusidanganyane. Kuna sehemu video inaenda, kuna sehemu unapanda juu ya jiwe ndio upate alama mbili. Wengi wana kiswaswadu. Kwahiyo mpango ukitegemea kila familia iwe na simu janja na bando lake umeshakufa, simu iwe ya mhudumu, bando lilipiwe na halmashauri au yeyote anayeleta mradi, na pasipo na mtandao mhudumu arekodi dakika moja aitume akifika sehemu yenye mtandao, fizio ajibu jioni kwa sauti. Sio lazima kila kitu kiwe cha moja kwa moja.

Kuhusu waganga nisikwepe, maana wasomi huwa wanakwepa. Huku mtu akipooza ghafla usiku wengi wanasema karogwa, na wanaanzia kwa mganga, ile miezi mitatu ya dhahabu inaishia hapo. Unaweza kuwatukana kwenye semina ukarudi zako mjini. Mimi naona bora mganga naye ajue dalili, amwambie mtu nenda zahanati leo hii, mambo yangu mengine yatasubiri. Nawajua wanaoweza kukubali, kama wakiheshimiwa.

Na kuna mambo video haiwezi, tusije tukauziwa kwamba inaweza yote. Fizio lazima amguse mgonjwa angalau mwanzoni, misuli iliyokaza na iliyolegea huijui kwa macho, maumivu mapya ya kifua au mguu kuvimba ghafla hayo ni ya hospitali sio ya simu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mguu kifundo anahitaji mikono ya mtaalamu tena na tena. Kwahiyo fizio apande boti kuja kisiwani kwa zamu, aone wagonjwa wake uso kwa uso, na hizo ziara ziwe kwenye bajeti na sio kwenye huruma ya mfadhili. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato kama chetu wataalamu wa utengamao hawafiki hata 10 kwa kila watu milioni moja, kwahiyo huyo mmoja tutakayempata tusimfungie ofisini anasubiri watu ambao hawawezi kutembea wamfuate.

Mhariri ombi langu kwako ni hili. Halmashauri ziko kwenye mambo ya bajeti, mtume mwandishi wenu mmoja aje Nansio, sio siku ya ziara ya kiongozi, siku ya kawaida tu, aulize maswali mawili: wilaya ina wataalamu wangapi wa mazoezi tiba, na kati ya wagonjwa wa kiharusi walioruhusiwa mwaka jana ni wangapi walionekana tena kwenye kliniki. Kisha apande chombo afike Ukara aulize maswali hayo hayo kwa wenye nyumba. Majibu yakitofautiana mchapishe yote mawili, ukurasa wa mbele ikiwezekana, madiwani wetu huwa wanasoma kabla ya kikao.

Msomaji wenu,
Nansio, Ukerewe